Walimu sita, shule tatu: uchambuzi wa kisa cha uwiano katika kata moja

Kisa hiki kilitokea katika kata moja ya vijijini, Tanzania Bara, yenye shule tatu za msingi za serikali. Halmashauri ilikuwa imepokea walimu wapya wa ajira, ikaitengea kata hiyo sita, na ikaitaka ofisi ya elimu ya kata iitishe kikao cha walimu wakuu kupendekeza kila shule ipate wangapi. Nilikaa katika kikao hicho kama katibu, nikiwa nimefundisha Hisabati kwa miaka kadhaa, na niliingia nikiamini kwamba kazi ingekwisha kabla ya chai ya saa nne, kwa kuwa ilionekana kuwa hesabu ya uwiano ambayo mtoto wa darasa la sita angeimaliza kwa mistari mitatu. Kikao kilikwisha jioni, na mapendekezo tuliyoyatia saini bado nayatazama kwa mashaka. Shule sitazitaja kwa majina yake halisi. Nitaziita Barabarani, Bondeni na Mlimani, kwa kufuata mahali zilipo.

Kigezo kilichokuwa mezani kinajulikana na kila mwalimu nchini: mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi, na mwalimu mmoja kwa watoto 25 katika darasa la awali. Darasa la awali tuliliweka kando siku ile, na hapa pia naliweka kando, ili hesabu ibaki ya darasa la kwanza hadi la saba. Kigezo hicho kimeandikwa kwa miaka mingi, ila idadi ya watoto imekuwa ikikikimbia. Ada ya shule za msingi ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, madarasa yalijaa kwa mara ya kwanza. Yakajaa tena Januari 2016, pale Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipoanza kutekelezwa na michango ya lazima ikaondolewa. Kenya iliyaona hayo hayo Januari 2003, ambapo wanafunzi wa shule za msingi walitoka takriban milioni 5.9 wakafika takriban milioni 7.2. Ukichukua nambari hizo mbili na kudhani kwamba walimu hawakuongezeka hata mmoja, basi mwalimu aliyekuwa na watoto 45 anapata 45 mara 7.2 gawanya kwa 5.9, yaani watoto 55 hivi. Ongezeko la asilimia 22 hivi linasikika dogo likisemwa hivyo. Ni watoto kumi wa ziada mbele ya mwalimu yule yule, katika chumba kile kile, kwa mshahara ule ule.

Takwimu za shule zetu tatu, kama zilivyojazwa katika fomu za mwaka, zilikuwa hizi:

| Shule | Wanafunzi | Walimu | Mikondo |
|---|---|---|---|
| Barabarani | 1,260 | 28 | 21 |
| Bondeni | 1,344 | 16 | 14 |
| Mlimani | 216 | 4 | 7 |
| Kata | 2,820 | 48 | 42 |

Safu ya mwisho, ya mikondo, yaani makundi ya wanafunzi wa darasa moja wanaofundishwa pamoja, haikuwamo katika karatasi tuliyogawiwa. Niliiongeza mwenyewe baadaye, na sababu yake itaonekana.

Tuanze na lile lililo rahisi. Uwiano wa wanafunzi kwa walimu katika shule ya Barabarani ni 1,260 kwa 28, na ukigawa pande zote mbili kwa 28 unapata 45 kwa 1. Bondeni, 1,344 kwa 16 ni sawa na 84 kwa 1. Mlimani, 216 kwa 4 ni sawa na 54 kwa 1. Faida ya kurahisisha uwiano hadi upande mmoja ubaki na 1 ni kwamba shule zenye ukubwa tofauti kabisa zinaweza kuwekwa kwenye mstari mmoja: kwa idadi tupu ya walimu, Bondeni yenye 16 inaonekana tajiri mara nne ya Mlimani yenye 4, lakini kwa uwiano, mwalimu wa Bondeni ana watoto 30 zaidi ya mwenzake wa Mlimani.

Hapo hapo palizuka tatizo la lugha ambalo nimelikuta katika vikao vingi, na ambalo halipaswi kupuuzwa. Mwalimu mkuu mmoja alisema uwiano wa Barabarani ni mkubwa, akimaanisha kuwa ni mzuri. Mwenzake akajibu kwamba ni mdogo kuliko wote, akimaanisha jambo lile lile. Wote wawili walikuwa sahihi kwa namna waliyoandika. Anayetanguliza mwalimu, 1:45, anaiona sehemu moja ya arubaini na tano kuwa kubwa kuliko sehemu moja ya themanini na nne. Anayetanguliza wanafunzi, 45:1, anaona 45 ni ndogo kuliko 84. Tulikubaliana kusema idadi ya watoto kwa mwalimu mmoja na kuacha maneno makubwa na madogo, na kwa kweli dakika zile kumi ndizo zilizokuwa na manufaa zaidi asubuhi ile, kwa sababu kabla yake tulikuwa tukibishana juu ya kitu tulichokubaliana.

Mahitaji ya kila shule kwa kigezo cha 45 hupatikana kwa uwiano sawa. Kwa Bondeni tunaandika 45 kwa 1 ni sawa na 1,344 kwa idadi tusiyoijua. Zao la nambari za nje likilingana na zao la nambari za ndani, idadi hiyo inakuwa 1,344 gawanya kwa 45, yaani 29.87, na kwa kuwa hakuna mwalimu wa nukta nane saba, tunapandisha hadi 30. Mlimani, 216 gawanya kwa 45 ni 4.8, tunaandika 5. Barabarani ni 28 kamili. Ikama ya kata, yaani idadi ya walimu wanaotakiwa, kwa hiyo ni walimu 63, waliopo ni 48, na upungufu ni 15: Bondeni 14, Mlimani 1, Barabarani sifuri. Sita tuliopewa wasingetosha hata nusu ya pengo hilo, na kila mmoja mezani alilijua hilo kabla kalamu haijaguswa.

Katika taarifa iliyotangulia, kata ilikuwa imeripotiwa kuwa na wanafunzi 61 kwa mwalimu mmoja. Nambari hiyo ilitoka wapi? Mtu alijumlisha 45, 84 na 54, akagawa kwa tatu. Hesabu ya namna hiyo inaipa Mlimani yenye watoto 216 uzito ule ule wa Bondeni yenye watoto 1,344, jambo lisilo na msingi. Uwiano wa kata hupatikana kwa kujumlisha wanafunzi wote na walimu wote kwanza, ndipo kugawa: 2,820 kwa 48, ambayo ni 58.75. Lakini hata nambari hii iliyo sahihi inaficha jambo. Ukimwuliza kila mtoto wa kata hiyo, mmoja baada ya mwingine, shuleni kwake kuna watoto wangapi kwa mwalimu mmoja, watoto 1,260 watakujibu 45, watoto 1,344 watakujibu 84, na watoto 216 watakujibu 54. Wastani wa majibu yao yote ni 64.3. Kwa kuwa wengi wao wanasoma pale palipobanana, hali anayoishi nayo mtoto wa kawaida ni mbaya kuliko wastani wa kata unavyosema. Tofauti kati ya 58.75 na 64.3 inatokana na mgawanyo usio sawa peke yake; kama shule zote tatu zingekuwa na uwiano mmoja, nambari hizo mbili zingekuwa moja.

Sasa mapendekezo. La kwanza lilikuwa wagawanywe wawili wawili, kwa hoja kwamba shule zote ni za serikali na zote zinalia. Barabarani ingefika watoto 42 kwa mwalimu, Bondeni 74.7, Mlimani 36. La pili lilisikika la kitaalamu zaidi: wagawanywe kwa kufuata idadi ya wanafunzi, kwa uwiano wa 1,260 kwa 1,344 kwa 216. Ukifanya mgao huo, Barabarani inapata 2.68, Bondeni 2.86 na Mlimani 0.46, na ukikadiria unapata watatu, watatu na sifuri. Nakiri kwamba pendekezo hili lilinivutia kwa dakika chache, kwa kuwa lina sura ya haki na hesabu yake haina kosa. Kosa limo katika kuchagua cha kugawa. Mgao kwa idadi ya wanafunzi ungekuwa wa haki kama shule zote zingekuwa hazina mwalimu hata mmoja na tunaanza upya. Hapa walimu 48 walishagawanywa, tena vibaya, na kugawa walimu sita kana kwamba hao 48 hawapo ni kuendeleza ubaya ule ule. Barabarani ingeshuka hadi 40.6 ilhali Mlimani inabaki na 54.

La tatu lilikuwa la kufuata upungufu: 0 kwa 14 kwa 1. Walimu sita wakigawanywa kwa uwiano huo, Bondeni inapata 5.6 na Mlimani 0.4, maana yake wote sita waende Bondeni. Ukitumia njia nyingine ya kumpeleka mwalimu mmoja mmoja pale penye watoto wengi zaidi kwa mwalimu, unafika pale pale. Bondeni inashuka kutoka 84 hadi 79, 74.7, 70.7, 67.2, 64, na kwa mwalimu wa sita 61.1, na katika kila hatua bado iko juu ya 54 ya Mlimani. Njia mbili tofauti zilikuwa zimetoa jibu moja. Wengi mezani waliona shauri limekwisha, na mimi nilikuwa nimeanza kuandika muhtasari.

Mwalimu mkuu wa Mlimani alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyekuwa ametembea zaidi ya saa moja kushuka kuja kikaoni. Alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, mimi karatasi hiyo naielewa, na sibishi. Lakini inasema nina upungufu wa mwalimu mmoja. Mimi kila saa nina upungufu wa madarasa matatu." Kisha akakaa.

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimefika shuleni kwake, na maneno yake yalinirudisha kule. Niliingia saa tatu na nusu asubuhi. Darasa la kwanza na la pili walikuwa wameunganishwa katika chumba kimoja na mwalimu mmoja, kama watoto sitini, wa darasa la kwanza wakiutazama ubao wa kushoto na wa pili wakiutazama wa kulia. Darasa la saba walikuwa na mwalimu, kwa kuwa ni darasa la mtihani. Darasa la nne walikuwa na mwalimu kwa ajili ya upimaji wa taifa. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa ofisini na mzazi aliyekuja kuomba uhamisho wa mtoto. Katika darasa la tano nilimkuta kiranja amesimama juu ya kiti, kitabu cha Sayansi mkono wa kushoto na chaki mkono wa kulia, ananakili ukurasa mzima ubaoni kuhusu mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, na wenzake ishirini na nane wananakili kutoka kwake kimya kabisa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Kila alipofika kwenye mchoro aliruka nafasi, kwa kuwa mchoro hakuweza kuuchora, na wenzake nao wakaruka nafasi ile ile katika madaftari yao.

Uwiano wa 54 kwa 1 hauwezi kukuonyesha darasa hilo. Unajibu swali moja tu: ukiwapanga watoto wote mbele ya walimu wote kwa usawa, kila mwalimu angepata wangapi? Watoto wa Mlimani hawapangiki hivyo, kwa sababu wamo katika madarasa saba yanayosoma mambo saba tofauti, na huwezi kuchukua watoto 14 wa darasa la tano na 40 wa darasa la pili ukampa mwalimu mmoja kwa hoja kwamba jumla yao ni 54. Kwa shule ndogo, kinachotakiwa kulinganishwa na walimu ni mikondo, wala si vichwa vya watoto.

Ndiyo maana niliichora ile safu ya nne. Barabarani ina walimu 28 kwa mikondo 21, sawa na 4 kwa 3. Bondeni ina 16 kwa 14, sawa na 8 kwa 7. Mlimani ina 4 kwa 7. Mpangilio wa nani ana shida zaidi ukageuka: shule iliyokuwa ya pili kwa shida sasa ndiyo yenye shida kuliko zote, tena kwa umbali mkubwa. Tukaupima kwa vipindi pia. Nikihesabu kwa urahisi vipindi 8 kwa siku kwa kila mkondo, ambavyo ni 40 kwa wiki, Barabarani ina vipindi 840 kwa walimu 28, yaani 30 kwa kila mwalimu. Bondeni ina 560 kwa walimu 16, yaani 35. Mlimani ina 280 kwa walimu 4, yaani 70 kwa kila mwalimu, katika wiki yenye nafasi 40 tu. Hata kama walimu wote wanne, akiwemo mwalimu mkuu, wangefundisha bila kupumzika kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho, vipindi wanavyoweza kufundisha ni 160. Vipindi 120 kila wiki haviwezi kuwa na mwalimu, na hilo halitokani na uvivu wala uzembe wa mtu.

Haya yote hayaipunguzii Bondeni shida yake, na ningekuwa nadhulumu kama ningeyaandika bila kueleza niliyoyaona kule. Bondeni ina vyumba 12 kwa mikondo 14, hivyo darasa la kwanza na la pili huingia kwa zamu, mikondo miwili asubuhi na miwili mchana. Darasa la kwanza lina watoto 260 katika mikondo miwili. Mkondo mmoja ni watoto 130, na mwalimu wake aliniambia kwamba akikusanya madaftari ya kuandika na kutumia dakika moja tu kwa kila daftari, anakaa saa mbili na dakika kumi, na mkondo wa mchana wakati huo unamngoja mlangoni. Kwa hiyo husahihisha safu mbili za mbele leo, mbili zinazofuata kesho, na mtoto wa nyuma hupata vyema au kosa lake mara moja kwa wiki. Anayekosea herufi siku ya Jumatatu huirudia hivyo hivyo hadi Ijumaa.

Swali ambalo lilipaswa kuulizwa ni hili: mwalimu mmoja mpya anabadilisha nini akienda hapa, na nini akienda pale? Kwa watoto kwa mwalimu, jibu linashangaza kidogo. Mwalimu mmoja akienda Barabarani, 45 inakuwa 43.4. Akienda Bondeni, 84 inakuwa 79. Akienda Mlimani, 54 inakuwa 43.2, mshuko wa karibu watoto kumi na mmoja kwa mkupuo. Ni uwiano kinyume: walimu wanapoongezeka idadi kwa kila mmoja hupungua, na hupungua kwa kasi zaidi pale walipokuwa wachache. Na kwa madarasa yenyewe, mwalimu mmoja Mlimani anafungua vipindi 40 kwa wiki ambavyo havikuwa na mtu, mbele ya watoto 31 hivi kila kipindi. Bondeni, mwalimu mmoja anapunguza mzigo wa wenzake kutoka vipindi 35 hadi 33, lakini mtoto wa darasa la kwanza anabaki na wenzake 129 vile vile, kwa kuwa hakuna chumba cha kugawia mkondo. Ukweli huu wa mwisho ulikuwa mgumu kueleweka mezani. Watu walikuwa wamezoea kudhani kwamba uwiano ukishuka darasa nalo linapungua, kumbe ukubwa wa darasa unategemea vyumba na mikondo, na walimu peke yao hawaubadilishi. Njia pekee ya mwalimu mpya kumfaa mtoto wa Bondeni bila chumba ni kuingia wawili katika mkondo mmoja, mmoja anafundisha na mwingine anapita kati ya safu akisahihisha. Ni njia nzuri, na mwalimu mkuu wa Bondeni aliahidi kuitumia.

Mtu akauliza kuhusu msawazo: kwa nini tusiwahamishe walimu wa Barabarani? Hesabu yake ni nyepesi. Walimu 54, yaani 48 waliopo na sita wapya, kwa watoto 2,820 ni 52.2 kwa mwalimu, na kwa uwiano huo Barabarani ingestahili 24, Bondeni 26 na Mlimani 4. Walimu wanne wangetoka Barabarani. Msawazo ni jambo ambalo serikali imelihimiza. Hata mpango wa Lipa Kulingana na Matokeo, ulioanza 2014, uliweka usambazaji wa walimu miongoni mwa vigezo vya kutolewa kwa fedha. Ila niliangalia ile nambari 28 kwa karibu. Katika orodha ya Barabarani, wawili walikuwa masomoni, mmoja alikuwa likizo ya uzazi, na mmoja alikuwa anakaimu kazi za ofisi ya kata. Waliokuwa wanaingia darasani walikuwa 24, na uwiano halisi ulikuwa 52.5. Bondeni kwa upande wake ilikuwa na walimu wawili wa kujitolea, wanaolipwa kidogo na wazazi, wasiohesabiwa popote. Ukiwaingiza, 84 inakuwa 74.7. Fomu ilisema pengo kati ya shule hizo mbili ni watoto 39 kwa mwalimu. Madarasani lilikuwa 22. Bado ni pengo kubwa, na bado naamini mwalimu mmoja au wawili wangeweza kutoka Barabarani bila shule kuyumba, lakini wanne kwa kutazama karatasi peke yake lingekuwa kosa. Na mgao huo nao ulikuwa unaiacha Mlimani na wanne wake kwa madarasa saba, kwa sababu ulijengwa juu ya swali lile lile la kwanza.

Mimi nilipendekeza watatu Bondeni na watatu Mlimani. Mlimani ingefika walimu 7 kwa mikondo 7, vipindi 280 kwa walimu 7 ni 40 kamili, na kwa mara ya kwanza kila darasa lingekuwa na mtu mbele yake. Bondeni ingefika watoto 70.7 kwa mwalimu na vipindi 29.5, ikilingana kwa mzigo na Barabarani. Pingamizi lilikuwa moja, na lilirudiwa na watu watatu tofauti: shule yenye watoto 216 na walimu 7 itaonekana na uwiano wa 1:31, na wathibiti ubora wakija, au orodha ikifika wilayani, tutaulizwa kwa nini tumerundika walimu mlimani huku Bondeni inazama. Sikuwa na jibu la kuwaridhisha, maana kweli wangeulizwa. Aliyepewa kigezo kimoja cha kupimia huogopa kigezo hicho kuliko anavyomwogopa mtoto asiye na mwalimu, na simlaumu mwalimu mkuu ambaye barua za kujieleza ameshaziandika vya kutosha. Tukakubaliana wanne Bondeni na wawili Mlimani. Bondeni 67.2, Mlimani 36.

Walimu waliripoti baada ya wiki tatu. Wanne wa Bondeni walifika wote. Wa Mlimani walifika wawili, ila mmoja, baada ya kulala siku nne katika chumba cha stoo ya shule kwa kukosa nyumba, aliomba ruhusa ya kwenda kuuguza na hakurejea. Mwezi uliofuata tulisikia amepangiwa kituo kingine. Mlimani ikabaki na walimu watano, na 216 gawanya kwa 5 ni 43.2.

Taarifa ya robo mwaka ilipokuja, nilisoma mstari wa Mlimani mara mbili. Uwiano 1:43. Upungufu: hakuna. Wakati ule ule, madarasa mawili kati ya saba hayakuwa na mwalimu katika kila kipindi cha kila siku, na kama walimu watatu wapya wangetengewa kata kesho yake, karatasi ingeonyesha kwamba Mlimani haihitaji hata mmoja. Nilichukua rula nikachora safu mbili pembeni mwa fomu, moja ya mikondo na nyingine ya vipindi visivyo na mwalimu kwa wiki, nikajaza za shule zote tatu kwa mkono, nikaambatanisha barua ya ukurasa mmoja, na mwalimu mkuu wa Mlimani akatia saini chini ya yangu. Katika safu ya mwisho, mstari wa shule yake, aliandika mwenyewe: 80.